Fimbo Moja kwa Besi na Maski: Mwongozo kwa Anayevua katika Maziwa ya Minnesota

Mtu anayehamia Minnesota akitokea Mwanza, Kisumu au Bukavu hukuta jimbo lenye maziwa zaidi ya 11,000 ya ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na kama alikulia karibu na maji, haupiti muda mrefu kabla hajakata leseni ya kuvua. Samaki wa kwanza ambaye wenyeji humwelekeza kumvua ni besi, kwa sababu anapatikana kwa wingi na hurukia chambo kwa pupa. Kisha siku moja, akiwa anavuta chambo chake karibu na gati, anaona kivuli kirefu kama gogo kikikifuata hadi miguuni pake, kikasimama, kikatazama, halafu kikazama taratibu. Huyo ni maski. Kuanzia hapo swali la fimbo huanza kumsumbua: je, ni lazima anunue fimbo ya pili, au ipo moja inayoweza kuwahudumia samaki wote wawili?

Jibu langu, baada ya kuvunja fimbo moja na kuuza nyingine kwa hasara, ni kwamba ipo, kwa sharti kwamba uichague kwa kuangalia uzito wa chambo badala ya ukubwa wa samaki, na ukubali tangu mwanzo kwamba kila upande una vyambo ambavyo fimbo hiyo haitavirusha kamwe. Asiyelikubali sharti hilo atanunua fimbo tatu akitafuta moja.

Tuwatambulishe samaki wenyewe kwa ufupi. Besi wa maziwa haya ni wa aina mbili, mwenye mdomo mkubwa anayependa magugu na kivuli cha magati, na mwenye mdomo mdogo anayependa miamba na maji safi. Yule wa mdomo mkubwa ndiye aliyepelekwa Naivasha mwaka 1929, kwa hiyo msomaji wa Kenya huenda alikwisha kumla bila kujua asili yake. Besi wengi utakaowapata wana uzito wa kilo moja au mbili. Maski, ambaye jina lake limetokana na lugha ya Waojibwe waliokuwa wakivua hapa kabla ya wageni, ni wa ukoo mwingine kabisa: mwembamba, mrefu, mwenye meno kama ya nguru, na katika maziwa mengi ya Minnesota sheria hairuhusu kumchukua mpaka afikishe inchi 54, yaani sentimita 137. Rekodi ya dunia ya besi wa mdomo mkubwa, iliyowekwa Georgia mwaka 1932, ni ratili 22 na aunsi 4, ambazo ni kama kilo 10. Ya maski inayotambuliwa na IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, iliyowekwa Wisconsin mwaka 1949, ni ratili 67 na aunsi 8, kilo 30 na ushei.

Tarakimu hizo humtisha mnunuzi akaenda moja kwa moja kwenye fimbo nene kuliko zote dukani. Ni kosa. Maski wengi wamekwisha kuvuliwa kwa fimbo za besi na watu ambao hawakuwa wakiwatafuta. Kinachoishinda fimbo ya besi kwa kawaida ni ile kazi ya kurusha chambo cha maski mara mia kadhaa kwa siku.

Hatua ya kwanza: weka vyambo kwenye mizani kabla ya kutazama fimbo

Fimbo ya kurushia hufanya kazi kama springi. Unapoipeleka nyuma, uzito wa chambo huipinda. Unapoileta mbele, inajinyoosha na kukisukuma chambo. Chambo kikiwa chepesi mno, fimbo haipindi na chambo huanguka hatua chache mbele yako. Kikiwa kizito mno, fimbo hulemewa, na siku moja hukatika juu ya pete ya tatu au ya nne ikiwa hakuna samaki hata mmoja upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyoipoteza fimbo yangu ya kwanza: ilikuwa ya futi sita na nusu, imeandikwa mwisho aunsi moja, nami nikafunga samaki wa mpira wa aunsi nne kwa sababu tu alikuwa mzuri machoni. Kwenye rusho la pili nilisikia mlio kama wa kuni kavu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, orodhesha vyambo unavyotaka kutumia na uandike uzito wa kila kimoja. Huko Marekani uzito wa chambo huandikwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28. Kwa upande wa besi, mnyoo wa plastiki wenye kirisasi kidogo huwa na robo aunsi au chini ya hapo. Chambo cha waya chenye vibapa vinavyozunguka huwa na nusu aunsi au pungufu kidogo. Chura wa plastiki, anayeburutwa juu ya mayungiyungi, huwa na nusu aunsi au zaidi kidogo, na jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi, la kuzamishwa kwenye magugu mazito hufika robo tatu ya aunsi.

Kwa upande wa maski, vyambo vidogo kabisa huanzia robo tatu ya aunsi. Mepps Musky Killer, chambo cha kibapa na manyoya ambacho wavuvi wengi huanzia, kina uzito huo. Vyambo vya manyoya vyenye vibapa viwili vya namba 8 huwa na aunsi moja na nusu hadi mbili, na vya namba 10 hukaribia aunsi tatu, tena huvuta maji kwa nguvu kiasi kwamba mkono huchoka kabla ya saa sita mchana. Vile vya mbao vya kuvutwa kwa mishtuko, vyenye urefu wa inchi tisa hivi, huwa karibu na aunsi tatu. Juu ya hapo wamo samaki wa mpira wa aunsi nne, nane, na hata kumi na sita, yaani ratili nzima inayorushwa hewani.

Ukizitazama orodha mbili hizo kwa pamoja utaona zinapokutana. Kuanzia nusu aunsi hadi aunsi tatu, sawa na gramu 14 hadi 85, kuna vyambo vya kutosha kuwavua samaki wote wawili mwaka mzima. Chini ya hapo ni mambo ya besi peke yake: minyoo myepesi, maji maangavu, samaki wenye wasiwasi. Juu ya hapo ni mambo ya maski peke yake. Fimbo yako moja itaishi katikati, na vya pembeni utawaachia wengine. Ikiwa furaha yako yote ni kuvua kwa minyoo ya robo aunsi, au ikiwa umekwisha kununua kisanduku cha samaki wa mpira wa aunsi nane, mwongozo huu hautakufaa. Nunua fimbo ya kazi hiyo na uvue kwa amani.

Hatua ya pili: soma tarakimu, usiziamini herufi

Karibu na mpini wa kila fimbo kuna maandishi madogo. Kwanza utaona herufi zinazotaja nguvu yake: M ni ya wastani, MH ni nzito kiasi, H ni nzito, na XH ni nzito kupita kiasi. Hizi herufi ndizo zinazowapotosha watu wengi, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana. H iliyoandikwa kwenye fimbo ya besi inaweza kumaanisha vyambo vya chini ya nusu aunsi hadi aunsi moja na nusu, ilhali H kwenye fimbo ya maski iliyopo rafu ya pili yake inamaanisha aunsi tatu hadi nane. Herufi ni ileile, lakini ni vitu viwili tofauti kama mtumbwi na jahazi.

Pita herufi, nenda kwenye tarakimu za uzito wa chambo. Tafuta fimbo ambayo kiwango chake cha chini ni nusu au robo tatu ya aunsi, na cha juu ni aunsi tatu au nne. Ukipata iliyoandikwa aunsi moja hadi nne, bado inafaa, ila chura wa nusu aunsi hatafika mbali. Kumbuka pia kwamba fimbo hufanya kazi vizuri zaidi katikati ya kiwango chake kuliko kwenye ncha zake mbili. Iliyoandikwa mwisho aunsi tatu itairusha aunsi tatu, lakini usiipe kazi hiyo kutwa nzima.

Mahali pa kuitafuta pengine patakushangaza. Usianzie kwenye rafu ya maski. Anzia kwenye rafu ya besi, mahali panapowekwa fimbo za kurushia vile vyambo vikubwa vya mfano wa samaki ambavyo wavuvi wa California walivizoea kwa besi wao wanene. Fimbo hizo zilitengenezwa kwa uzito tunaoutaka, zina mwili mwepesi wa kushikika siku nzima, na hazina ule ukavu wa mti wa mwembe unaopatikana katika fimbo nyingi za maski. Ukikosa hapo, ndipo uende rafu ya maski utafute nyepesi kuliko zote. Bei za zinazoridhisha huanzia takriban dola 100, na sioni sababu ya mwanzilishi kupita 200.

Tarakimu nyingine utakazoziona ni za nguvu za mshipi, kwa ratili. Zisikutie hofu ukiona fimbo imeandikwa mwisho 25 au 30 nawe unakusudia mshipi wa 65, kwa kuwa tarakimu hizo mara nyingi huhesabiwa kwa mshipi wa nailoni. Mshipi wa kusuka wa ratili 65 una unene unaokaribia nailoni ya ratili 16, kwa hiyo utapita kwenye pete bila shida. Kitakacholinda fimbo ni breki ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ambayo tutaifikia.

Hatua ya tatu: urefu, na swali la gari

Fimbo za besi huwa na futi sita na nusu hadi saba na nusu. Za maski siku hizi huwa nane hadi tisa na nusu. Chagua iliyo kati ya futi 7 na inchi 9, na futi 8 kamili, yaani sentimita 236 hadi 244.

Sababu ya kutoshuka chini ya hapo ni tabia ya maski. Samaki huyu hukifuata chambo hadi ubavuni mwa boti bila kukigusa, na mvuvi anayekitoa chambo majini wakati huo amejinyima samaki. Inampasa azamishe ncha ya fimbo na kuchora tarakimu 8 kubwa ndani ya maji, huku chambo kikizunguka karibu kabisa na ncha, kwa maana maski mwenye mwili wa mita moja na robo hawezi kukata kona ndogo. Fimbo ndefu huchora kona pana. Kwa futi sita na nusu utachora herufi, ukiwa umepiga magoti, na samaki ataondoka.

Sababu ya kutopanda juu ya hapo ni besi. Katika ziwa kama Minnetonka, magharibi ya Minneapolis, ambalo lina samaki wote wawili, besi hukaa chini ya magati ya watu, na chambo lazima kiingizwe kwa rusho la chini chini, kwa mkono mmoja, kwenye mwanya usiozidi upana wa mlango. Kwa fimbo ya futi tisa kazi hiyo hugeuka kuwa vurugu ya kupiga maji na nguzo, na huenda mwenye gati akatoka ndani kukutazama.

Kisha lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka umekwisha kulipa: fimbo ya futi nane ya kipande kimoja haiingii katika gari dogo bila kupita katikati ya viti hadi kwenye kioo cha mbele. Watengenezaji kadhaa wana fimbo ambazo mpini wake huteleza ukaingia ndani ya mwili, zikapungua futi moja au zaidi, na hizo ndizo ninazompendekezea mtu anayeishi ghorofani na kutumia lifti. Za vipande viwili vinavyoungana katikati nazo si mbaya kama zilivyokuwa zamani, ila kila baada ya muda hakikisha kiungo hakijalegea, kwa sababu kiungo kilicholegea huvunjika wakati wa kurusha.

Mpini wa nyuma ya rili nao upimwe. Chambo cha aunsi tatu hurushwa kwa mikono miwili, kwa hiyo kitako cha fimbo kinatakiwa kipite kiwiko na kulala chini ya kwapa. Usiwe mrefu zaidi ya hapo. Maski wazito hutafutwa hadi Novemba, na mpini mrefu mno hunasa kwenye koti nene la baridi kila unapogeuka.

Hatua ya nne: mpindo

Nguvu ya fimbo hueleza inastahimili uzito gani, na mpindo hueleza inapindia wapi. Ya mpindo wa haraka hupinda karibu na ncha tu. Ya mpindo wa polepole hupinda mpaka karibu na mpini. Wavuvi wa besi hupenda ya haraka, kwa kuwa ndoano moja nene ya jigi au chura inahitaji mshtuko mkali ili izame katika taya. Vyambo vingi vya maski, kinyume chake, vina ndoano za makali matatu, na mshipi wa kusuka hauvutiki hata kidogo. Hapo fimbo kavu humng'oa samaki mdomoni pale anapotikisa kichwa karibu na boti.

Kati ya hizo mbili mimi huchagua mpindo wa kati unaoelekea wa haraka, ambao hupinda katika theluthi ya juu. Mtu anaweza kudai kwamba hapo umempunja besi. Sikubaliani naye, kwa sababu ule mshipi usiovutika unarudisha ukali wote ambao ncha laini imeupunguza, na chura wangu hawajapoteza samaki zaidi ya walivyokuwa wakipoteza kwa fimbo kavu. Upande wa maski, ncha inayokubali kupinda huokoa mengi.

Kuhusu malighafi, grafiti tupu ni nyepesi na hufikisha mkononi kila mguso, lakini haipendi kugongwa. Mchanganyiko wa grafiti na faibaglasi ni mzito kidogo na husamehe makosa. Mwenye kuvua mara moja kwa wiki achukue mchanganyiko.

Hatua ya tano: ijaribu dukani

Nenda na vyambo vyako viwili, cha nusu aunsi na cha aunsi tatu, ndoano zikiwa zimefunikwa, na rili yako kama unayo. Muuzaji mwenye adabu hatakataa. Funga rili, pitisha mshipi katika pete zote, kisha ning'iniza chambo kizito kiasi cha shibiri moja chini ya ncha na ushike fimbo sambamba na sakafu. Ncha ishuke, lakini zaidi ya nusu ya fimbo ibaki imenyooka. Ikiwa yote imeinama kama mgomba wenye mkungu, hiyo ni nyepesi mno. Kisha weka chambo chepesi mahali pake, utikise mkono kidogo. Ncha ikitikisika kwa kukifuata chambo, fimbo hiyo inaweza kukirusha. Isipotikisika kabisa, besi utawasahau.

Baada ya hapo ishike kwa mkono mmoja, mahali pa kushikia wakati wa kurusha, kwa dakika nzima bila kuzungumza. Fimbo inayolemea kwa mbele huanza kuonekana nzito kwenye sekunde ya arobaini, na hiyo ndiyo itakayokuumiza kifundo cha mkono ifikapo alasiri. Mwisho pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Kikinasa, kuna ufa, na mshipi wa kusuka utakatikia hapo.

Hatua ya sita: rili, mshipi na waya

Fimbo hizi hutumia rili inayokaa juu ya mpini, yenye bobini inayozuiwa kwa dole gumba. Ukubwa unaopatanisha samaki wawili ni ule unaoitwa 300. Ya 200, ambayo ni ya kawaida kwa besi, itavuta vibapa vya namba 8 lakini meno yake ya ndani yatalalamika mapema. Ya 400 itakuchosha ukivua besi. Mzunguko wa sita kwa moja, yaani bobini kuzunguka mara sita kila unapozungusha mkono wa rili mara moja, ukizidi kidogo, unatosha, kwa sababu ulio wa haraka sana ni mgumu kuuzungusha chambo kinapovuta maji mengi.

Jaza mshipi wa kusuka wa ratili 65. Wavuvi wa maski peke yake hutumia 80 na zaidi, nao wana haki, kwa kuwa bobini ikikwama katikati ya rusho chambo cha aunsi nane hukata mshipi na kuruka peke yake. Lakini sisi tumekwisha kujiwekea mpaka wa aunsi tatu. Wa 50 ungetosha kwa besi, ila sioni ukitunufaisha chochote.

Kati ya mshipi na chambo ni lazima kuwe na kitu kisichokatwa na meno, kama mvuvi wa nguru pale Pwani anavyotanguliza waya mbele ya ndoano. Hapa kuna njia mbili. Waya mwembamba wa sentimita 30 haukatiki, lakini huonekana, na hupinda baada ya samaki kadhaa. Kipande kinene cha fluorokaboni, mshipi wa plastiki ngumu, cha ratili 80 hadi 100, hakionekani sana na besi hawakikimbii. Mimi hutumia fluorokaboni siku zote katika ziwa lenye maski, hata ninapotafuta besi tu, kwa sababu maski hajali nimekuja kumtafuta nani, na atakayekata mshipi ataondoka na ndoano mdomoni. Katika ziwa lisilo na maski wala ndugu zake wenye meno, kipande hicho unaweza kukibadilisha na chembamba cha ratili 20.

Breki ifungwe kwa kupima. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'inizia, vuta, na urekebishe mpaka bobini ianze kuachia kwenye kilo nne hivi. Inaonekana kidogo, lakini dole gumba linaweza kuongeza pale linapohitajika, na fimbo itakuwa salama.

Hatua ya saba: siku ya kwanza majini

Msimu wa maski Minnesota hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, na kila aliyefikisha miaka 16 anahitaji leseni. Kanuni za ziwa moja zinaweza kutofautiana na za jirani yake, hivyo soma ukurasa wa ziwa unalokwenda kwenye tovuti ya idara ya maliasili ya jimbo.

Anza kwa chambo cha aunsi moja, ambacho kiko katikati ya uwezo wa fimbo, na urushe taratibu mpaka ujue bobini inataka kuzuiwa lini. Usirushe cha aunsi tatu kwa mkato wa ghafla kama urushavyo chura. Kizungushe pembeni kwa mwendo mmoja mpana, uzito ukiwa umekwisha kuipinda fimbo kabla ya kukiachia, na uachie nafasi ya shibiri moja na nusu kati ya chambo na ncha. Fimbo nyingi za namna hii hufa kwa mkato huo wa ghafla.

Jizoeze ile tarakimu 8 mwishoni mwa kila rusho, hata pale unapokuwa na hakika kwamba hakuna kitu nyuma ya chambo. Achia chambo karibu shibiri mbili tu chini ya ncha, ingiza ncha majini, na ukate kona pana bila kusita.

Samaki akishika, mvute kwa fimbo iliyoinama pembeni, isiyopanda juu ya pale mshale wa saa unapoelekea tarakimu 10. Usiisimamishe wima samaki akiwa chini ya boti, maana uzito wote huhamia kwenye ncha, ambayo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Nguvu ya fimbo hii inakuruhusu kummaliza maski kwa dakika chache, na hapo ndipo inapoishinda fimbo ya kawaida ya besi: samaki anayepigana kwa muda mrefu mara nyingi huogelea akaondoka, kisha akafa baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yakifika nyuzi 27 za Selsiasi wavuvi wengi huacha kabisa kumtafuta maski na kurudi kwa besi. Hapo fimbo ya kazi mbili inakuwa na faida, kwa kuwa unabadilisha chambo tu.

Usitoke kumtafuta maski bila wavu mpana wenye nyuzi zilizopakwa mpira, koleo refu, na mkasi imara wa kukatia ndoano. Mwache samaki ndani ya maji, katika wavu, wakati unamtoa ndoano. Ikishindikana kutoka, ikate. Vifaa hivyo pamoja vinaweza kukaribia bei ya fimbo yenyewe, kwa hiyo vihesabu mapema katika bajeti.

Matunzo

Mwisho wa siku, ondoa chambo kizito kabla ya kusafiri. Kikiachwa kwenye pete kitagonga mwili wa fimbo njia nzima, na alama ndogo ya mgongano huo ndipo fimbo itakapokatikia mwezi ujao. Kata mita mbili za mwanzo za mshipi kila baada ya safari kadhaa. Rudia kile kipimo cha pamba kwenye pete kila mwezi, ukianzia na ya ncha, kwani ndiyo inayosuguliwa na maji yenye mchanga kila unapochora ile tarakimu 8.